Wiki mbili na kifuniko kilichogoma kufunga

Niliikuta kwenye duka la vitu vya kale hapa Uingereza: ala ya muziki ya kupuliza, bomba refu la shaba lililokunjwa mara moja katikati, lenye mashimo kumi na moja, kila shimo na kifuniko chake. Nimekulia kwenye bendi ya matarumbeta ya usharika, vali tatu tu basi, kwa hiyo vibonyezo vyote vile vilinishangaza. Ofikleidi, muuzaji akaniambia. Jina ni la Kigiriki, nyoka mwenye funguo, kwa kuwa ilirithi nafasi ya ala ya kujipinda iliyoitwa nyoka. Jean Hilaire Asté, aliyejulikana kama Halary, aliiunda Paris mwaka 1817. Mtunzi Mfaransa Berlioz aliiandikia muziki, kisha tuba, ala nyingine ya shaba yenye sauti nzito, ikaja kuisukuma pembeni.

Nyumbani niliipuliza, ikatoka hewa tupu. Pedi za ngozi, zile zinazoziba mashimo chini ya vifuniko, zilikuwa zimekauka kama maganda. Na kile kifuniko kikubwa kuliko vyote, cha karibu na mdomo wa ala, kilibaki wazi hata nisipokigusa. Nikaamini springi imekufa, nikakifunga kwa uzi.

Wiki mbili nikahangaika. Nilibadilisha pedi zote: ngozi laini juu ya sufu, nikazigandisha kwa lakiri iliyoyeyushwa kwa moto mdogo. Nilikata vipande vya karatasi ya sigara, nikabana kimoja chini ya kila pedi na kukivuta taratibu; kikichomoka bila kukwama, hewa inapita hapo. Kazi ya kuchosha, lakini ndiyo iliyonifundisha mikono. Hata hivyo, sauti iliyopaswa kuwa Do ilitoka Si, noti iliyo chini yake tu, imezibwa kama mtu mwenye mafua.

Usiku mmoja nikawasha taa karibu, nikaitazama ile springi. Haikuwa imekatika wala kulegea. Fundi wake aliikunja kwa makusudi, ikisukuma kifuniko juu, wakati zile kumi nyingine zinasukuma chini. Kifuniko hicho hukaa wazi ukipumzika, na ukikibonyeza ndipo bomba zima linatumika na sauti inashuka nusu toni. Nilikuwa nimeifunga mdomo ala nzima kwa uzi wangu.

Nikaukata. Do ikatoka nene, ya joto, laini kuliko trombone yoyote niliyowahi kushika. Nilirudia sauti hiyo hiyo mpaka jirani akagonga ukuta.

Sasa nakata vipande vipya vya kizibo vya kuweka chini ya vibonyezo, maana kibonyezo cha nne bado kinagonga shaba kila nikikiachia.