Sensa ya msuli haikai tu kusubiri ivutwe

Katika mambo yote ya neva na misuli hakuna kinachonivutia kama sensa za mvutano, yaani vihisio vinavyotambua msuli ukivutwa. Ndani ya msuli, katikati ya nyuzi kubwa zinazofanya kazi ya nguvu, kuna vifuko vyembamba vya milimita chache tu, ndizo sensa zenyewe, humo mna nyuzi ndogo na neva imejizungushia katikati yake, msuli ukivutwa ile neva inatuma mapigo ya umeme kwenye uti wa mgongo, na ukivutwa kwa kasi mapigo yanakuwa mengi zaidi.

Sasa ukikunja kiwiko, msuli wa mbele ya mkono unafupika, na sensa si imo humohumo? Nayo inalegea, na ikilegea inanyamaza, yaani habari zinakatika wakati ndo zinahitajika. Kinachookoa hapo ni neva za gama. Hizi ni nyembamba kuliko neva za alfa zinazosogeza kiungo, zenyewe hazisogezi chochote, kazi yao ni kukaza zile nyuzi ndogo kwenye ncha zote mbili ili pale katikati pasilegee, kama fundi anavyokaza waya wa gitaa. Mtafiti Lars Leksell wa Sweden alishalionyesha hilo mwaka 1945.

Halafu mwaka 1953 mtafiti Merton wa Uingereza akaja na wazo tamu sana, kwamba huenda ubongo unaanza na gama, sensa inashtuka, ndo msuli mkubwa unaifuata kwa rifleksi, yaani unajibu wenyewe bila kungoja amri nyingine ya ubongo. Mi nalipenda hilo wazo mpaka leo ila halikusimama, maana miaka ya 1970 kule Uppsala, Sweden, mtafiti Vallbo alichomeka sindano nyembamba sana kwenye neva za watu walio macho kabisa, wakakaza misuli yao taratibu, na ikaonekana msuli unaanza kwanza, sensa inaongeza mapigo baadaye kidogo. Kwa hiyo amri za alfa na gama zinashuka pamoja.

Lakini si kwamba zimefungwa kamba moja! Kuna gama za kuongeza usikivu wa kasi na kuna za urefu, na kwa paka imeonekana kwamba akitembea kawaida tu sensa zinakuwa na usikivu wa wastani, ila mweke kwenye ubao mwembamba au mshike asivyozoea, gama za kasi zinapanda sana hata kama msuli unavutwa kiasi kilekile.