Nyota ya Februari
Jirani yangu Mtaliano hapa Malindi kila mwezi hunitandazia karata zake za taroti, zote 78, juu ya mkeka barazani. Mama akipita hunung'unika, "Mwapiga ramli tena?" Nami humwambia, mama, hizi zilianza kwao Italia miaka ya 1400 kama mchezo tu. Uaguzi ulikuja baadaye sana. Haniamini.

Jana jirani alisema kwao baridi inakaribia kuisha, basi tuulize kuhusu kujipenda na kuanza upya. Huku kwetu kaskazi, jasho latutiririka, lakini haya.

Ikatoka namba 17, Nyota. Mwanamke amepiga goti na mitungi miwili. Mmoja aumwagia bwawani, mwingine nchi kavu. Akaanza kunieleza habari za matumaini. Mimi nimekodolea ile mitungi tu: mbona huyu hanywi hata tone?

Mchango wa harusi, ada za wadogo zangu, hospitali ya shangazi. Mwezi mzima namwaga.

Siamini karata zinajua lolote. Ila jioni nilizima simu, nikajisinga liwa, nikafukiza udi chumbani. Mama akanusa, akauliza, "Nani anakuja?"

"Hakuna, mama. Ni mimi tu."