Mkasi wa Lotte Reiniger

Kabla Disney hajatoa katuni yake ndefu ya kwanza mwaka 1937, Lotte Reiniger wa Berlin (1899–1981) alishatoa yake, filamu bubu ya vikaragosi vya vivuli yenye visa vya Alfu Lela Ulela: Die Abenteuer des Prinzen Achmed (Visa vya Mwanamfalme Achmed), 1926. Aliitengeneza Potsdam kwa miaka mitatu, mumewe Carl Koch akishika kamera.

Wenye hamu ya kujaribu, kazi ni hii. Kata kikaragosi kwa kadi nyeusi, kila kiungo peke yake, uunge kwa waya mwembamba. Lotte alitumia pia bati jembamba la madini ya risasi, nalo ndilo siri: bila uzito, kiwiliwili huinuka na kingo zake hufifia. Kilaze juu ya kioo, taa chini, kamera juu ikitazama chini. Sogeza kidogo, piga picha, sogeza tena. Sekunde 10 kwa mwendo wa picha 24 kwa sekunde zinataka picha 240! Kiungo kikilegea, mkono utatetemeka kwenye filamu nzima. Mandhari ni tabaka za karatasi laini. Ukiongeza tabaka, giza linazidi.

Negativu asilia ya filamu ya Achmed, yaani mkanda wa kuchapishia nakala, ilipotea katika Vita vya Pili vya Dunia. Tunayoiona leo imetokana na nakala yenye rangi iliyosalia London.