Nilivyounganisha kompyuta na TV ili mama aisikie sauti ya bibi

Kanda ilikuwa ya harusi ya dada yangu mkubwa, mwaka 1998, hapa hapa Tanga, Ngamiani. Ilikaa kabatini kwa mama miaka na miaka, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, kwa kuwa deki ya kuichezea ilishakufa na mafundi wa deki siku hizi ni wa kutafuta kwa tochi. Mwaka jana nikampelekea kijana mmoja anayehamishia kanda kwenye kompyuta. Akanirudishia kanda yangu pamoja na faili moja la saa mbili, GB 7 na ushei. Nikalifungua kwenye kompyuta yangu ya mezani chumbani. Picha ilikuwa hafifu, kama kanda zote za enzi zile, lakini watu walikuwepo wote, na vigelegele vyao.

Mama ana miaka 74. Kumwita aje chumbani akae kwenye kiti cha kompyuta saa mbili, na magoti yake yale, haiwezekani. Macho nayo hayamruhusu kuangalia watu walio wadogo kama kidole. TV iko sebuleni, inchi 32, na kochi lake liko mbele yake. Nikasema harusi hii ataiangalia hapo hapo alipozoea kukaa.

Wazo la kwanza lilikuwa flashi. Nikajaribu kunakili, kompyuta ikagoma, ikisema faili ni kubwa mno, ilhali flashi ni ya GB 32 na ilikuwa tupu. Baadaye nikaelewa: flashi nyingi zimepangwa kwa mtindo wa FAT32, na mtindo huo haupokei faili moja lenye kuzidi GB 4, hata flashi iwe na nafasi kiasi gani. Nikaipanga upya kwa mtindo mwingine, NTFS, faili likaingia. Nikachomeka kwenye TV, jina la faili likaonekana, nikabonyeza OK, TV ikajibu kwamba haiwezi kulicheza. TV huwa na orodha yake ya aina za faili inazozijua, na cha nje ya orodha hiyo hakichezi. Kompyuta yenye VLC, programu ya kuchezea video, inacheza karibu kila kitu. Basi nikaona badala ya kuipelekea TV faili, niipelekee kompyuta nzima.

Kompyuta yangu ni ya mtumba, zile zinazotoka kwenye maofisi ya Ulaya. Nyuma yake nilikuwa nalijua tundu moja tu la picha, lile la VGA la bluu lenye vitundu 15. TV ina tundu la HDMI. Nikaenda dukani nikaomba waya wa VGA kwenda HDMI, muuzaji akanipa waya mmoja mweusi, mzuri, huku kichwa cha bluu na huku HDMI. Elfu kumi na mbili. Nikafika nyumbani, nikaileta kompyuta sebuleni, nikachomeka, nikachagua HDMI kwa rimoti, TV ikaandika hakuna mawimbi. Nikazima, nikawasha, nikabadilisha tundu la HDMI, nikarudia yote. Kiza.

Waya ule usingeweza kufanya kazi hata ningeukalia wiki nzima, na napenda watu walijue hili kabla hawajatoa hela. VGA ni teknolojia ya mwaka 1987, inapeleka picha kama mawimbi ya umeme yanayopanda na kushuka. HDMI inapeleka picha kama tarakimu. Ni lugha mbili, na waya mtupu hautafsiri. Panahitajika kifaa chenye chipu ndani, na chipu inataka umeme, ndiyo maana vifaa vya kweli vingi vina mkia wa USB wa kuchomeka kwenye kompyuta. Ukipewa waya wa VGA kwenda HDMI usio na kijisanduku wala mkia wa umeme, urudishe pale pale kaunta.

Nikarudi dukani, nikanunua kifaa chenye chipu, elfu ishirini na tano. Safari hii picha ikaja. Nilifurahi mpaka nikamwita mama kabla sijamaliza kurekebisha. Na picha ilikuwa na kasoro: kingo zimekatwa pande zote, mistari midogo kama meno ya kitana inatokea kila mtu akitikisika, na watu wote wamepanuka. Mama akakaa, akavaa miwani, akaangalia kimya. Wakapita dada, shemeji, mashangazi. Akaja bibi yangu, mama yake mama, amejifunga leso, ameketi kitandani kwa bibi harusi anaongea naye. Mdomo unacheza, lakini hakuna kitu kinachosikika.

"Mbona haongei?"

Nikamwambia mama, sauti bado, picha ndiyo imefika kwanza.

Akasema taratibu, "Picha yake ninayo pale ukutani, mwanangu. Mimi nilichokikosa ni sauti."

Bibi alifariki 2003. Sikuwa nimewaza kwamba kwa miaka yote hiyo mama hajaisikia sauti ya mama yake hata mara moja. Mimi nilikuwa nahangaika na picha.

VGA haibebi sauti kabisa. Vipo vifaa vyenye tundu dogo la pembeni la kupokea sauti kutoka kompyuta, lakini changu hakikuwa nalo. Nikatumia njia ambayo nyumba nyingi zinaiweza: sabufa. Nikachukua waya wenye kichwa kimoja kama cha hedifoni, nikaingiza tundu la kijani la kompyuta, na upande wa pili vichwa viwili, cheupe na chekundu, nikavichomeka nyuma ya sabufa. Sauti ikatoka, lakini ikatoka na mvumo, mmmmm, kama nyuki wamo kwenye spika. Taarabu iliushinda mvumo ule. Bibi hakuushinda. Bibi alikuwa mtu wa kuongea chini chini, na kamera ilikuwa mlangoni.

Kulikuwa na jambo jingine nililolipuuza siku zote. Nikigusa chuma cha nyuma ya CPU, lile sanduku la kompyuta, nikiwa peku, vidole vinawasha washa. Fundi umeme wa mtaani kwetu, mtu mzima, alikuja kwa shughuli nyingine kabisa, nikamweleza. Hakugusa hata kompyuta. Akaangalia plagi. "Hii plagi ya wapi hii?"

Ilikuwa ile iliyokuja na kompyuta, pini mbili za mviringo za Ulaya. Na sisi tunajua wote tunavyozichomeka: unasukuma kijiti kwenye tundu la juu la soketi ili yale mawili ya chini yafunguke, kisha unaisokomeza. Inawaka, lakini lile tundu la juu ndilo la ethi, la kupeleka ardhini umeme unaovuja, na plagi ya mviringo hailigusi. Umeme mdogo unaovuja kutoka pawasaplai, kile kifaa cha kugawa umeme ndani ya kompyuta, unakosa pa kwenda, unakaa kwenye bodi la chuma, unaingia kwenye waya wa sauti, unakuwa mvumo. Au unaingia mkononi mwako. Nikanunua waya wa umeme wenye plagi ya pini tatu, nikachomeka kompyuta, TV na sabufa kwenye ekstensheni moja. Kuwashwa kukaisha siku hiyo hiyo. Mvumo ukapungua sana. Kama una kompyuta ya mtumba nyumbani na una watoto, tafadhali anza na plagi kabla ya yote, hata kama huna TV ya kuiunganisha.

Sasa bibi akasikika, ila maneno yalitangulia mdomo. TV huchukua muda kidogo kuichakata picha, wakati sabufa haina cha kuchakata, kwa hiyo sauti inafika kwanza. Kwenye VLC kuna herufi mbili za kurekebisha hilo: K inachelewesha sauti kidogo kidogo, J inaiwahisha. Nilibonyeza K mara tatu nne nikaona panakaribia. Bado mama alisikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Sabufa iko kona nyingine, bibi yuko kwenye TV.

Nilikuwa nimeinama nyuma ya CPU nachomoa waya nipanguse vumbi ndipo nilipoliona. Chini ya lile tundu la bluu kuna tundu jingine, bapa, nililodhani siku zote ni la USB ya aina fulani. Linafanana na HDMI lakini pembe moja tu ndiyo iliyokatwa. HDMI imebanwa pembe zote mbili za chini. Jina lake DisplayPort. Kompyuta nyingi za ofisini zina hilo badala ya HDMI, na wengi wetu tunanunua kompyuta tukikagua ina RAM kiasi gani bila kuigeuza nyuma. DisplayPort inapeleka tarakimu tangu mwanzo, na inabeba sauti pamoja na picha. Nikanunua waya wa DisplayPort kwenda HDMI, mita tatu. Uangalie ukinunua: waya huu una mwelekeo mmoja, kutoka kompyuta yenye DisplayPort kwenda TV yenye HDMI, haugeuziki.

CPU nikaihamishia sebuleni moja kwa moja, chini ya meza ya TV, pamoja na skrini yake ndogo, na kibodi na mausi visivyo na waya. Nikazima vyote, nikachomeka, nikawasha TV kwanza kisha kompyuta. TV ikabaki nyeusi. Hapa usiogope: shika kitufe cha Windows, bonyeza P. Zinatokea chaguo nne, kompyuta peke yake, kurudufu, kutandaza, na skrini ya pili peke yake. Nilichagua ya mwisho, maana kurudufu kunailazimisha TV ifuate ukubwa wa picha wa skrini ndogo.

Kingo zilizokatwa dawa yake iko kwenye TV yenyewe, kwenye menyu ya ukubwa wa picha. LG wanaiita Just Scan, Samsung wanaiita Screen Fit. Kazi yake ni kuiambia TV isiikuze picha. Meno ya kitana yanatokana na kanda: video za zamani zilirekodiwa kwa mistari inayopishana, nusu ya picha kwanza kisha nusu ya pili. VLC inayaondoa ukibonyeza D. Na watu kupanuka ni kwa sababu kanda ilikuwa ya uwiano wa 4 kwa 3 na TV ni 16 kwa 9. Ukibonyeza A mara kadhaa unafika 4:3, pembeni panabaki weusi, watu wanarudi kwenye miili yao. Usiuonee choyo ule weusi wa pembeni.

Sauti ndiyo niliyoiacha mwisho, nikaifanyia haraka kwa kuwa moyo ulikuwa unadunda. Kwenye alama ya spika chini kulia nikachagua jina la TV. Halionekani kama TV imezimwa. Nikaifunga VLC nikaifungua upya ili iufuate uamuzi huo. Sauti ikatoka spika ya kushoto tu, kwani kanda ilikuwa na njia moja ya sauti. Ndani ya VLC, kwenye menyu ya sauti, kuna sehemu ya stirio. Nikaiambia ipeleke ya kushoto pande zote mbili.

Nikamwita mama baada ya Isha. Safari hii sikumwonyesha harusi kuanzia mwanzo. Nilikwenda moja kwa moja dakika ya 41, chumbani kwa bibi harusi, nikaongeza sauti, nikazima feni.

Bibi akaongea. Sauti ndogo, ya kukwaruza kidogo, na ule usemi wake wa Pangani. Alikuwa anampa mjukuu wake wosia, kwamba nyumba hujengwa kwa kunyamaza na pia kwa kusema, na ajue lipi la wakati gani. Kisha akageuka mlangoni, akamwita mama aje amfunge leso bibi harusi. Alimwita kwa jina la utotoni, jina ambalo hakuna aliyebaki hai wa kumwita mama hivyo.

Mama akaitika. Pale kwenye kochi, kwa sauti, "Abee."

Sikusema kitu. Baada ya muda akavua miwani, akaifuta kwa upande wa kanga.

"Rudisha nyuma kidogo, mwanangu. Pale aliponiita."

Nikashika Alt na mshale wa kushoto, picha ikarudi sekunde 10. Bibi akageuka tena mlangoni.