Daftari la Zamu Limenichagulia Cheti

Cheti changu cha CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, kinaisha muda wake baada ya miezi saba, na kwa wiki kadhaa swali moja limekuwa likilala nami na kuamka nami: nisomee nini sasa? Huu ni mwaka wangu wa tano kwenye kazi ya mitandao. Kila niliyemwomba ushauri alinitajia cheti alichonacho yeye.

Dada mmoja wa kitengo cha usalama alinihimiza nianze na Security+, cheti cha msingi cha usalama wa mifumo, halafu nielekee CISSP, cheti cha usalama cha ngazi ya juu. Hiyo ya pili inadai uzoefu wa miaka 5 katika angalau nyanja mbili kati ya nane zake, nami sijafika huko. Security+ ni mtihani mzuri, maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, lakini nilipopitia muhtasari wake niliona mengi nimeshayagusa kazini. Wengine walinivuta kwenye klaudi, yaani seva za kukodi kupitia intaneti, hasa AWS ya Amazon. Kazini kwetu hatuna hata seva moja kwenye klaudi, na mimi nisichokishika kwa mikono huwa hakikai kichwani.

Iliyonitamanisha kweli ni CCNP Enterprise, ngazi ya Cisco iliyo juu ya CCNA. Unafanya mtihani wa msingi, ENCOR, kisha mmoja wa kubobea. Zaidi ya hapo, ukifaulu ENCOR peke yake CCNA yako inahuishwa kwa miaka 3 mingine. Nilishafungua ukurasa wa malipo.

Kilichonirudisha nyuma ni daftari langu la zamu. Kila tiketi, yaani taarifa ya tatizo, ninayoishughulikia naiandika humo: saa, tatizo, nilichofanya, na aliyemaliza kazi. Jumapili moja nilikaa nikahesabu za miezi mitatu ambazo mwishoni niliandika neno "nimekabidhi". Zilikuwa 34. Tatu tu zilihusu mtandao wenyewe. Ishirini na moja zilikwenda kwa mtu mmoja, kaka anayetunza seva zinazotumia mfumo endeshi wa Linux.

Mojawapo naikumbuka vizuri. Saa nane usiku, seva ya DNS, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba, haijibu. Nilikagua swichi, nikakagua ruta, nikanasa pakiti na kuona kwa macho yangu zinafika mpaka kwenye seva, na hakuna jibu linalorudi. Mtandao ulikuwa mzima. Nilikuwa nimefika mlangoni na sikujua jinsi ya kuufungua. Nikampigia yule kaka. Nilimsikia mtoto akilia nyuma yake huku akinielekeza: diski ilikuwa imejaa mafaili ya kumbukumbu za matukio (log), huduma imekosa pa kuandika, imezima. Dakika nne, kazi imekwisha. Nilimwomba radhi, naye akasema hakuna shida, lakini nimemwamsha hivyo mara nyingi mno.

Kwa hiyo nimechagua RHCSA, cheti cha usimamizi wa Linux cha kampuni ya Red Hat, mtihani wa EX200. Nimeupenda kwa sababu hauna maswali ya kuchagua A au B, na aliyekariri majibu ya wengine hana pa kuyapeleka. Unakaa mbele ya mashine na kupewa kazi: gawa diski, tengeneza watumiaji, rekebisha SELinux, mfumo wa ulinzi ulio ndani ya Linux, ili huduma ifanye kazi bila kuizima SELinux yenyewe, ingia kwenye mashine ambayo nenosiri lake la msimamizi hulijui. Intaneti hakuna, ila kurasa za man, miongozo iliyomo ndani ya mashine yenyewe, zipo. Alama ni 300, kufaulu ni 210. Na kila ulichokitengeneza lazima kiwe bado kinafanya kazi baada ya mashine kuzimwa na kuwashwa tena. Kwangu sharti hilo ndilo roho ya mtihani mzima, maana ndivyo kazi ilivyo: ukirekebisha kitu usiku na umeme ukakatika alfajiri, hakuna atakayejali kwamba jana kilikuwa kinawaka.

Najua gharama ya uamuzi huu. RHCSA haihuishi CCNA, kwa hiyo itanibidi nikusanye pointi 30 za masomo endelevu ya Cisco kabla ya miezi saba kwisha, na nimeshajipangia asubuhi za Jumamosi kwa ajili hiyo. CCNP itasubiri. Nitairudia siku daftari litakapoonyesha kwamba ninachokabidhi ni OSPF na BGP, itifaki ambazo ruta hutumia kuelezana njia.

Sasa nina mashine pepe mbili, yaani kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta yangu, na ratiba ya saa moja na nusu kila usiku. Jana niliharibu /etc/fstab, faili linaloiambia Linux diski zipi izifungue inapowaka, kwa makusudi, mstari mmoja tu, nikaiwasha mashine upya ikagoma kuamka. Ilinichukua dakika 41 kuirudisha. Leo nimerudia kosa lilelile: dakika 12.