Faustin Linyekula na jina la Kabako

Leo mchana nimetazama rekodi ya "Sur les traces de Dinozord", onyesho la dansi la Faustin Linyekula, hadi mwisho, na hadi sasa mwili wangu haujatulia.

Kwa wasiomfahamu: Faustin Linyekula ni Mkongomani, mzaliwa wa Ubundu, aliyekulia Kisangani. Alianza na fasihi na tamthilia. Akaja Nairobi, na mwaka 1997 yeye na Opiyo Okach wakawa miongoni mwa waanzilishi wa Gàara, kundi la kwanza la dansi ya kisasa Kenya.

Mwaka 2001 alirudi Kinshasa, akaanzisha Studios Kabako, kituo cha dansi na tamthilia. Baadaye akaihamishia Kisangani, kwenye mji uliopigwa mabomu vitani. Angeweza kwenda kuishi Ulaya!

Kabako ni jina la rafiki yake, mwandishi, aliyefariki kwa tauni.

Ndiyo maana Serge Kakudji, mwimbaji wa onyesho hilo, kijana wa Kolwezi, alipopandisha ile sauti yake nyembamba ya opera, nilishindwa kujizuia. Nililia.

Mama alikuwa pembeni anachambua mchele. Hana habari na dansi za kisasa. Akaacha mkono juu ya ungo, macho kwenye mabega ya mchezaji mmoja yaliyokuwa yakitetemeka.

"Huyu hachezi, mwanangu," akasema. "Huyu yuko msibani."

Sikuwa nimemweleza chochote kuhusu Kabako.

Walio Kisangani au Goma, mmewahi kumwona Faustin jukwaani? Niambieni ilikuwaje. Na wa Nairobi, nani anaikumbuka Gàara?