Nimerudi Morogoro na maswali ya mtu mwingine

Tangu nirudi, kila anayekuja kunijulia hali anauliza magari, roboti na samaki wabichi. Mjomba kaongeza lake: ni kweli Mjapani hachelewi? Nawajibu wote bila kuchoka, maana hata mimi kabla ya kuondoka niliijua Japani kwa zile stika zinazobaki kwenye vioo vya Noah na IST. Lakini mtu akiniuliza Wajapani ni watu wa namna gani, nakwama. Wale ni zaidi ya milioni 120, nitawasemea vipi? Ninayeweza kumsimulia ni mmoja tu, binti aliyekuwa anasoma Kiswahili Osaka, niliyemwacha kavaa suti nyeusi anatafuta kazi.

Wengi hapa hawajui kwamba Chuo Kikuu cha Osaka kinatoa shahada ya Kiswahili, tena si somo la kupitia pembeni. Kitivo cha lugha za kigeni kiko Minoh, kaskazini mwa jiji, na tangu Machi 2024 treni inakushusha karibu na mlango. Mimi nilikuwa nasomea mambo ya maji kampasi nyingine. Kule nilikwenda kwa sababu wanafunzi walitaka mtu wa kuongea naye, nami nilitaka mahali pa kuongea bila kujipanga kwanza kichwani. Siku niliyokutana na huyo binti aliniambia "Shikamoo dada" huku akiinama hadi kiunoni, nikabaki sijui niitikie au na mimi niiname. Nikamuuliza kwa nini Kiswahili. Nilitegemea kusikia Serengeti, au kahawa ya Kilimanjaro ambayo kule iko madukani kila kona. Akasema mama yake alitaka asome Kiingereza, na yeye alitaka lugha ambayo nyumbani kwao hakuna wa kumsahihisha.

Anachokipenda duniani ni treni. Siyo Shinkansen, ile treni ya kasi mnayoitazama kwenye video. Hiyo anasema ni lifti iliyolazwa. Yeye ni wa treni za behewa moja za vijijini, zinazosimama kwenye stesheni isiyo na mfanyakazi, abiria wawili na mmoja wao ni yeye. Msimu wa likizo kuna tiketi inaitwa Seishun 18. Ukiwa nayo unapanda treni za kawaida za JR, kampuni kubwa za reli, nchi nzima, na ile ya siku tano haifiki hata nauli ya Shinkansen ya kwenda tu kutoka Osaka hadi Tokyo. Anabeba wali wake wa kukunjwa kwenye mwani, daftari, na kamera ya filamu ya marehemu babu yake.

Mwanzo nilidhani ni ujana tu. Nilipomwomba anionyeshe daftari nikakuta kila stesheni ina maelezo: shule ya msingi imefungwa, duka la mwisho limefungwa, daktari anakuja Jumatano. Hesabu ya makazi ya mwaka 2023 iliona nyumba tupu milioni 9 nchini kwao. Mojawapo ni ya bibi yake, mkoani Shimane. Hakuna mtoto anayeitaka, kwa sababu anayerithi anarithi na kodi, na kuibomoa kuna gharama zake. Mwaka 2024 watoto waliozaliwa walikuwa kama 686,000, mara ya kwanza kushuka chini ya laki saba tangu waanze kuhesabu mwaka 1899. Hizo takwimu alikuwa nazo kichwani kama sisi tunavyojua msimamo wa ligi. Na hasira yake ilikuwa hapo hapo: "Dada, serikali inaniuliza nitazaa lini. Kampuni inaniuliza kama nitazaa. Hakuna anayeniuliza nitalala saa ngapi."

Kutafuta kazi kule ni msimu wenye taratibu zake. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu tayari anazunguka kwenye makampuni, suti nyeusi, nywele zimefungwa, begi jeusi, wote sare. Ahadi rasmi za ajira zinatolewa kuanzia Oktoba mosi, kazi inaanza Aprili mosi baada ya kuhitimu. Kwenye usaili lazima waulize ulijibidiisha na nini chuoni. Yeye akasema Kiswahili. Wakamwomba aseme chochote. Akatabasamu vizuri kabisa akawaambia, "Nimechoka na hii suti, na viatu vinanibana." Walipiga makofi. Aliponisimulia nilicheka hadi mtu kwenye meza ya jirani akageuka.

Nikaja kugundua kwamba hilo ndilo alilokuwa akilifanya siku zote. Kwa Kijapani alikuwa mpole, anakubali, anaitikia kwa kichwa. Maoni yake yote mazito aliyatoa kwa Kiswahili. Alikuwa anapiga kura (tangu 2016 umri wa kupiga kura kule ni miaka 18), lakini marafiki zake wa karibu hawakujua, kwa sababu kuuliza mambo hayo mezani ni kukosa adabu. Aliona kura yake ni ndogo. Waliofika miaka 65 ni karibu asilimia 30 ya nchi, nao ndio wanaokwenda kupanga foleni asubuhi.

Kilichomkereketa kuliko vyote ni jina. Sheria yao ya ndoa, tangu 1898, inataka mke na mume watumie jina moja la ukoo. Kwenye karatasi yeyote anaweza kubadili, ila wanaobadili ni wanawake, kama asilimia 95. Kesi zimefika mahakama ya juu kabisa nchini kwao, mwaka 2015 na tena 2021, na mara zote majaji wakasema sheria haivunji katiba. Yeye ni mtoto pekee. Akiolewa, jina la kwao linafutika katika daftari la familia, na hakutaka nimpe pole, alitaka nimweleze kwetu inakuwaje. Nikamwambia mama yangu aliolewa akabaki binti wa baba yake mpaka leo. Akaniomba nirudie. Nikaongeza la pili, kwamba sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, shamba linapita kwa mama, na mwenye sauti kwenye mambo yako ni mjomba. Daftari la treni likafungwa, likafunguliwa lingine.

Agosti 2025 ndipo nilipomwona amekasirika kwa Kijapani. Kwenye mkutano wa TICAD Yokohama, ule wa Japani na Afrika kuhusu maendeleo, JICA, shirika la misaada la Japani, lilitangaza miji minne ya Japani kuwa na urafiki na nchi nne za Afrika. Tanzania ilipangiwa Nagai, mji mdogo wa mkoa wa Yamagata, ambao tayari ulikuwa mwenyeji wetu kwenye maandalizi ya Olimpiki ya Tokyo. Uvumi ukaanza: Japani inagawa miji, Waafrika wanakuja kwa maelfu. Simu zikamiminika ofisi za miji hiyo, watu wakaandamana, na Septemba 25 mpango ukafutwa. Alinitumia ujumbe mmoja tu: nakwenda. Akapanda treni za polepole hadi Yamagata, akalipa nauli ya pembeni kwenye Reli ya Flower Nagai, kwa kuwa haiko chini ya JR na tiketi ya JR haitambuliki huko. Alitaka kuona huo mji ambao watu wasiowahi kufika huko wanautetea. Alikuta barabara pana, milima, na mama mwenye duka aliyesema anatafuta mtu yeyote wa kumsaidia, hata akitoka mwezini.

Hakutubakiza na sisi. Alinionyesha habari iliyoandikwa huku kwetu, kana kwamba Tanzania imepewa mji mzima. "Na nyinyi mlipokea haraka haraka," akasema. Nilinyamaza. Angalau kelele za kwao zilikuwa za woga, zetu zilikuwa za shangwe. Sijui kama hiyo ni nafuu.

Basi nimerudi. Kutoka Dar nilipanda SGR, ambayo nilipoondoka ilikuwa bado nguzo tu, na kwa amri ya yule binti nilirekodi safari. Aliagiza nihesabu mabehewa, nitaje stesheni kwa mpangilio, niangalie kama wanauza chakula. Tulipofika Ngerengere mama wa pembeni yangu alikuwa anabishana na simu kuhusu bei ya nyanya za Mgeta, na yote yakaingia kwenye video. Amesema picha ni nzuri, lakini anarudia kusikiliza zile nyanya.

Nyumbani wananiuliza naolewa lini. Shangazi anauliza kila akinipakulia. Najibu "Mungu akipenda", halafu usiku nafungua simu nasema kwa Kijapani yale ambayo sebuleni siwezi kuyasema, na yule binti ananiitikia kwa sauti ya mtu anayeijua kazi hiyo.

Jumamosi nilipanda Matombo kwa bibi nikiwa na maswali ya yule binti. Sikutaka kumpamba bibi. Mashamba ya ukoo yanauzwa, vijana wanataka kurithi kwa baba, na vikao vya kijiji vimejaa wanaume kama kwingine. Lakini nikauliza kama nilivyotumwa: zamani mwanamume alipooa akahamia kwa mkewe, alipoteza nini? Bibi akaniangalia kama nimepungukiwa. "Apoteze nini? Kwao si kupo?" Kisha akataka kujua habari za mwulizaji, nikamweleza suti, nyumba ya Shimane, jina linalotaka kufutika. Akasikiliza yote. "Huyo mtoto kwao hana mjomba wa kumsemea?"

Nilituma sauti hiyo hiyo. Jibu likaja: anaye mmoja, anaishi Sapporo, mara ya mwisho waliongea msibani. Bibi kasema aje tu, atagawiwa wa kwetu, wapo wengi na kazi hawana.